Maneno Yenye Mstari Mwekundu

Ukisema mbele yake "Biblia inasema," alikuwa anainua mkono mmoja, kama polisi anayesimamisha pikipiki, halafu anakuuliza: "Nani mu Biblia?"

Hakuwa anatania. Ukikosa jibu, alikurudisha kwenye benchi. "Mu Biblia ata Shetani anasema," alituambia Jumamosi ya kwanza ya darasa la ubatizo. "Farao anasema. Rafiki za Ayubu wanasema sana, sura kwa sura, na mwisho Mungu mwenyewe anakuja kuwaambia walikosea. Sasa weye unaniletea maneno, na hauulize imetoka mu kinywa ya nani?"

Tulimwita Mwalimu. Hata majirani waliosali kwingine walimwita hivyo. Kanisa letu lilikuwa la mbao, limesimama juu ya mawe meusi ya volkano upande wa kaskazini wa Goma, karibu na barabara inayopanda kwenda Munigi, na yeye ndiye aliyewatayarisha watu kwa ubatizo. Jina lake nalijua, lakini sitaliandika. Watoto wa ndugu zake bado wanaishi, na baadhi ya mambo nitakayosema hayatawapendeza.

Zamani alifundisha shule ya msingi, na kutoka shule alibaki na rula na biki nyekundu. Biblia yake ilikuwa na jalada lililoshonwa kwa uzi wa viatu. Ndani, chini ya kila neno lililosemwa na Yesu, alikuwa amepiga mstari mwekundu kwa rula, mstari ulionyooka kabisa, kama wa mwalimu anayetenga majina kwenye orodha ya wanafunzi. Kazi hiyo ilimchukua majira mazima ya mvua. Sehemu nyingine zote aliziacha jinsi zilivyochapwa. Nilipokuwa kijana nilifikiri hakuzisoma, kumbe alizijua kwa kichwa kuliko mchungaji wetu.

"Sisemi ile ingine si Neno ya Mungu," alieleza. "Nasema nyumba iko na mulango. Yesu ni mulango. Ukiisha kuingia, tembea mu vyumba vyote. Lakini ukipitia kwa dirisha ya Musa ao ya Paulo, weye ni mwizi, ata kama umeshika Biblia."

Mchungaji wetu, mtu mnene na mpole aliyesoma teolojia miaka mingi, hakukubaliana naye, na hakuficha. Nilikuwepo siku moja baada ya ibada, nikipanga mabenchi, walipolizungumza jambo hilo.

"Mwalimu," mchungaji alisema, "Yesu hakuandika ata mustari moja. Ile unapigia biki nyekundu iliandikwa na Matayo, na Luka, na Yoane. Ukiwaondoa wale, unamushika Yesu kwa mukono gani?"

"Simuondoe mutu."

"Na Paulo?"

"Paulo namukalisha kwenye benchi ya nyuma ya Bwana wake. Yeye mwenyewe angekubali."

"Na mimi nasema sauti ni moja tu, tangu Mwanzo mpaka Ufunuo. Ukianza kuchagua, kesho utachagua ndani ya maneno ya Yesu pia. Utabakisha yenye inakupendeza."

Mwalimu alifikiri. "Hapana," akasema. "Ya Yesu ndiyo hainipendeze. Ni vile najua si miye niliitunga."

Nataka mtu asiyemfahamu asidhani alikuwa mpole. Hakuwa mpole. Nyumbani kwake chakula kilipoiva alikula kwanza, peke yake, na mkewe alisimama mlangoni akingoja kuona kama chumvi inatosha. Darasani alisahihisha majibu yetu kwa alama kumi, na nusu alama hakukupa kamwe. Kwa miaka miwili hakumsalimia jirani mmoja aliyejenga choo kwenye ukingo wa kiwanja chake. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikamuuliza mbele ya wenzangu kama hilo linapatana na kumpenda adui.

"Yule si adui," alinijibu. "Adui, Yesu alisema nimupende. Yule ni jirani tu."

"Lakini Yesu alisema jirani pia, Mwalimu."

Nikajua nitarudishwa nyumbani. Akafunga Biblia, akavaa viatu vyake vilivyokuwa vyeusi kwa vumbi, akatoka. Kupitia nafasi za mbao tulimwona akivuka njia, akisimama kwenye mlango wa jirani na kuvua kofia. Aliporudi alikuwa amekasirika kweli, na aliendelea na somo bila kutaja kitu. Lakini kuanzia siku ile alimsalimia jirani kila asubuhi, kwa uso uleule mkali, kama mtu anayekunywa dawa.

Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Mwalimu, aliuza unga wa mihogo sokoni, na alikuwa na Biblia yake mwenyewe, ndogo, isiyo na mstari wowote. Kurasa zake zilichakaa mahali pamoja tu, katikati. "Yeye akae na nyekundu yake," alisema. "Miye nakaa na Zaburi. Mule kuko watu wanalia kama miye, na wanakasirika kama miye, na Mungu hakuwafukuza." Sidhani Mwalimu aliwahi kumuuliza ni nini kilimliza.

Sasa niseme habari ya maji.

Mwaka ule, baada ya vita na mauaji ya nchi jirani, wakimbizi walivuka mpaka siku kadhaa mfululizo, mchana na usiku, hata barabara nzima kuanzia mpakani hadi Munigi haikuwa na mahali pa kuweka mguu. Walilala kwenye varanda, kwenye uwanja wa kanisa, juu ya mawe. Ilikuwa kiangazi. Goma haina visima, kwa sababu chini yetu ni jiwe tupu. Watu hunywa mvua iliyokingwa kwenye mabati, na mvua ikikosekana hushuka ziwani. Kanisa letu lilikuwa na tangi kubwa la saruji, na maji yale ndiyo yaliyolisha mtaa wetu mpaka mvua zirudi. Kila familia ilipata bidoni mbili, yaani madumu mawili ya plastiki, kwa juma.

Wazee wa kanisa walikutana mchana, milango ikiwa wazi kwa sababu ya joto. Nje watu walikuwa wameanza kufa. Mzee mmoja alisema kati ya wale kuna walioua, kila mtu anajua, mikono yao ina damu. Mchungaji hakusema hivyo. Alisema kwa huzuni kwamba Paulo ameandika wazi kabisa: asiyewatunza watu wa nyumba yake ameikana imani. "Watu wa nyumba yetu ni hawa wa mutaa," alisema. "Maji ni yao. Haitoshe wote. Tukiigawa, kila mutu atapata kikombe moja, na kisha tutakufa pamoja."

"Nani anasema?" aliuliza Mwalimu.

"Nimekuambia. Paulo."

"Yesu alisema: nilikuwa na kiu. Hakusema: nilikuwa na kiu na sina kosa. Hakusema: nilikuwa na kiu na niko mutu ya mutaa."

Ufunguo wa tangi alikuwa nao yeye. Alitoka, akafungua kufuli, akaniita mimi na wenzangu wa darasa tushike vikombe. Hakuna mzee aliyemzuia. Nadhani waliona haya, maana watu wa nje walikuwa wamesikia yote. Tuligawa maji siku tatu. Nilimnywesha mwanamke mmoja ambaye hakuweza kuinua kichwa, na mwanamume aliyenishika mkono kwa nguvu akanibariki kwa Kinyarwanda. Sijawahi kujisikia Mkristo kama siku zile tatu. Nilirudi nyumbani jioni nimechoka na nina furaha.

Siku ya nne bomba lilitoa hewa tu.

Siku ya tano mama alishuka ziwani na bidoni, kama mama wengine wote. Ufukweni maelfu walikuwa wakioga, wakifua, wakijisaidia, na miili ilikuwa majini. Kuni za kuchemshia hazikuwepo tena. Miti yote ya karibu ilikuwa imekatwa. Mdogo wangu Furaha alikuwa na miaka mitano. Siku iliyofuata aliamka akitapika, na mchana tumbo lilikuwa limemmaliza kabisa, ngozi ya vidole imekunjamana kama ya bibi. Aliomba maji mpaka sauti ikaisha. Tulimpa yaleyale. Jua halijazama akawa amekufa.

Mwalimu alikuja bila kuitwa. Alimfunga Furaha katika kitenge, akambeba mwenyewe, na sisi tukamfuata mpaka mahali ambapo wanaume waliweza kupasua mawe kidogo. Mama hakulia njiani. Kaburi lilipofunikwa, alimgeukia.

"Mwalimu. Ile maji ya tangi, bidoni mbili ilikuwa ya mutoto wangu. Yesu aliomba weye. Juu ya nini ulimupa maji yangu?"

Mwalimu alisimama pale, mikono imechafuka vumbi jeusi, mpaka mama alipoondoka. Hakuna hata neno moja lenye mstari mwekundu alilolitaja.

Mama hakurudi tena kanisani mwetu. Alikwenda kusali na Wakatoliki, akakaa benchi la mwisho, na mpaka alipokufa hakumsalimia Mwalimu. Mimi nilibaki. Watu walidhani ni kwa sababu ya imani. Nitasema ukweli, kwa kuwa hakuna tena anayeweza kuumizwa nao: nilibaki kwa sababu nilitaka kuiona siku ambayo zamu yake itafika. Nilikuwa katibu wa darasa lake kwa miaka mingi, nikiandika majina ya wanafunzi kwenye kaye, daftari la darasa, na ndani yangu nilikuwa nangoja.

Zamu ilifika. Vita vilikuwa vimekwenda na kurudi mara nyingi hata tuliacha kuvihesabu. Mtoto wake wa kiume, wa pekee, alikuwa anakwenda Rutshuru kwa minibasi kununua maharage. Njiani watu wenye silaha waliweka kizuizi, wakawateremsha abiria wanaume na kuwaingiza kwenye shamba la mahindi. Dereva alirudi na minibasi yenye wanawake peke yao. Nilikuwa uani kwa Mwalimu habari ilipoletwa. Nilidhani nitasikia kitu kama haki. Niliondoka mbele ya Mwalimu, na nyuma ya nyumba nikaona Mama Mwalimu amekaa chini katikati ya unga wake uliomwagika, anaupiga kwa viganja.

Miaka miwili baadaye alikuja darasani kijana mwenye mguu mbovu. Alikuwa ametoka porini, ameacha silaha, na alichomea vyuma kwenye karakana ya jirani. Alisikiliza vizuri kuliko wote. Juma la mwisho kabla ya ubatizo kila mwanafunzi aliingia kwa Mwalimu peke yake kusema anachokibeba moyoni. Kijana yule aliingia. Mimi nilikuwa nje na kaye yangu. Nilisikia sauti yake, kisha sauti ya Mwalimu ikiuliza: "Ile minibasi ilikuwa rangi gani?" Kijana alijibu. Mwalimu akauliza mwezi. Kijana akajibu. Mwalimu alitoka, akapita mbele yangu kama hanioni, akaenda nyumbani. Kofia aliiacha ndani.

Kwa majuma matatu hakukanyaga kanisani. Mchungaji alikwenda kumwona, akafungiwa mlango. Kijana naye alikuja kila Jumamosi, akakaa nje juu ya jiwe, hakuthubutu kuingia wala kuondoka. Mama Mwalimu alipita mbele yake akienda sokoni. Alikuwa ameshaambiwa. Siku ya kwanza alimtemea mate miguuni. Siku ya pili alipita tu.

Jumamosi ya nne Mwalimu aliingia, amekonda, ndevu hazijanyolewa. Aliniambia: "Leta kaye." Akaandika jina la kijana kwa mkono wake kwenye orodha ya watakaobatizwa.

"Umemusamehe, Mwalimu?" nilimuuliza.

"Hapana. Kifua yangu iko kama jiwe. Nikimuona, naona mahindi." Alinirudishia kaye. "Lakini Yesu hakusema nisikie vizuri. Alisema nifanye. Nimefanya. Sasa toka, uniache."

Ubatizo ulifanyika ziwani, mahali ambapo mawe yanateremka polepole. Mguu mbovu wa kijana haukuweza kusimama kwenye mawe, basi Mwalimu aliingia majini na suruali yake, akamshika mkono ili mchungaji amzamishe. Hapo ndipo Mama Mwalimu alitokea ufukweni na Biblia yake ndogo. Alisoma kwa sauti ya sokoni zaburi ile inayoomba watoto wa adui wabaki yatima na mke wake awe mjane, asipatikane wa kumhurumia. Aliisoma yote. Mchungaji alisimama majini, mkono umeinuliwa, akamngoja amalize. Mama alipomaliza, mchungaji alibatiza.

Baadaye nilimsikia mmoja wa wazee akisema mama yule ameaibisha kanisa. Mchungaji alimkatiza. "Ile zaburi Mungu aliiacha mu Biblia," alisema. "Labda aliiacha juu ya Mama."

Wiki hiyo Mama Mwalimu alifunga nguo zake akahamia Munigi kwa kaka zake. Nilimsaidia kusukuma mzigo kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao. Njiani alisema neno moja tu ambalo nimelibeba mpaka leo. "Alisamehe na kinywa yangu," alisema. "Yule alikuwa mutoto wangu pia. Hakuniuliza." Hakurudi kwa mumewe, na alipougua alikataza Mwalimu aitwe.

Basi huyo ndiye mtu niliyemjua. Nimesikia wahubiri wengi wakibishana kama maneno ya Yesu yawe juu ya mengine yote, na hubishana wakiwa wameketi, wakinywa chai. Mwalimu hakubishana. Alitenda lile alilolipigia mstari, na kila mara alipotenda, mtu mwingine alianguka kando yake.

Baada ya mkewe kuondoka, aliomba apelekwe kwenye kanisa dogo la kijijini, juu katika barabara ya Rutshuru. Kwa miaka mingi sikumwona. Nilioa, nikapata kazi ya kupiga chapa kwenye ofisi moja mjini, mama yangu akafa. Kisha vita vikarudi kutoka upande uleule, na vijiji vyote vya juu viliteremka kwa miguu mpaka Kanyaruchinya, kilomita chache tu kutoka kwetu. Mama mmoja wa kanisa aliniambia amemwona Mwalimu kule, peke yake, na hakuna anayempikia.

Nilikwenda asubuhi moja kwa pikipiki, na nikamwomba dereva aningoje barabarani. Kambi ilikuwa imefunika mawe yote mpaka macho yanapoishia: vibanda vya matawi vilivyofunikwa kwa plastiki nyeupe, ambayo watu huiita shitingi, moshi, matope meusi, watoto wenye kikohozi. Niliuliza mara nyingi. Nilimkuta amekaa mbele ya kibanda kisichomzidi kimo, blanketi mabegani, macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Nilisema jina langu.

"Katibu," alisema. Alitafuta mkono wangu, akaushika, hakuuachia.

Biblia yake iliungua na nyumba. Hata kama ingekuwepo, asingeweza kuisoma. Watu wa kambi walipojua alikuwa mwalimu wa kanisa walianza kumjia, awaombee, awafundishe watoto. Aliwakatalia wote.

"Juu ya nini, Mwalimu?"

"Nitawaambia nini?" Sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba. "Niliwaambia watu miaka na miaka: muanze na Yesu. Sikuwaambia ile inafuata. Miye mwenyewe sikuijua. Nilisema kama mutu anayejua. Ile ndiyo zambi yangu, Katibu. Si tangi. Si kijana. Ni ile sauti nilikuwa nayo."

"Kwa hiyo mchungaji alikuwa na haki?"

"Sijui. Ile siku ya maji, kama tungefunga, wale wangekufa mbele ya mulango tukiwa tunaimba. Nikiwaza ile, nasema nilifanya vizuri. Kisha naona mama yako. Alikufa akiwa na hasira na miye?"

Nilifikiri kumdanganya. "Ndiyo," nilisema.

"Na weye?"

"Wakati ingine."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa anakisubiri, ingawa ni kizito. Tulikaa. Mlio wa kwanza wa bomu ulitoka nyuma ya kilima, wa mbali, kama mtu anayeangusha mlango wa chuma. Wa pili ulikuwa karibu zaidi. Kambi yote ilisimama. Mara wanawake wakaanza kufunga vitu, bila kelele, kwa haraka ya watu waliokwisha kufanya hivyo mara nyingi.

Mwalimu aliuvuta mkono wangu. "Nipeleke kwako," alisema. "Siwezi tena kukimbia. Katibu, naogopa. Naogopa sana. Usiniache hapa."

Sikuwahi kumsikia akimwomba mtu kitu. Nilimwinua. Alikuwa mwepesi kama fungu la kuni kavu. Tulifika barabarani tukisukumwa kila upande, na kwa bahati dereva alikuwa bado ananingoja, amepasha injini, anatukana kwa woga. Nilimweka Mwalimu katikati, mimi nikakaa nyuma na kumzungushia mikono. Pikipiki ilitembea polepole kati ya watu, magodoro, mbuzi, na bomu jingine liliangukia upande wa kambi tuliyotoka.

Hatukuwa tumefika Munigi. Kando ya barabara, juu ya mawe, mwanamke kijana alikuwa amepiga magoti, uchungu wa kuzaa umemshika, maji yamemwagika kwenye kitenge chake. Bibi mmoja alimshika mabegani na kuita kila pikipiki inayopita. Zote zilikuwa zimejaa. Dereva wetu alipunguza mwendo kwa sababu ya umati, na kilio cha mwanamke kikatufikia wazi.

"Nini ile?" aliuliza Mwalimu, kwa kuwa hakuona.

Ningeweza kusema si kitu. Nilimweleza.

"Simama," alimwambia dereva.

"Muzee, hapana, tutakufa hapa."

"Simama nishuke."

Nilimkaza kwa mikono. Nilimwambia ameniomba mwenyewe, nimpeleke kwangu, mke wangu anajua. Nilimwambia haoni, atakwenda wapi. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, meno yanagongana. Alitafuta vidole vyangu kifuani pake, akavifungua kimoja kimoja, akateremsha mguu mpaka ukakuta ardhi. Bibi alimdaka kabla hajaanguka.

Mwanamke tulimpandisha mahali pake. Hakuweza kukaa bila kushikwa. Mtu alipaswa kumshika, na bibi alikuwa mzee, na mimi nilikuwa tayari nimeketi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia wakati ule.

"Mushikilie muzuri huyu mama," alisema Mwalimu, uso umeelekezwa mahali ambapo hatukuwa. Bibi alimshika mkono, na watu wakawafunika.

Mwanamke alijifungua mjini kabla ya saa sita, kwenye koridoo la kituo cha afya, mtoto wa kiume aliyelia mara moja. Kesho yake nilirudi mpaka mahali askari waliporuhusu. Nilirudi na keshokutwa yake, na juma zima. Niliuliza kwenye makanisa, kwenye shule zilizojaa watu, hospitalini, na mahali wanapowaandika wasio na majina. Bibi nilimkuta, kwenye uwanja wa shule moja. Alisema walitembea pamoja kipande kirefu, mzee akamwambia atangulie kwa mjukuu wake, yule tuliyempandisha, naye mwenyewe apumzike kidogo juu ya jiwe. Alipogeuka nyuma, barabara ilikuwa imejaa watu, hakumwona.

Watu huniambia kwamba kwa sababu yangu mwanamke yule alifika. Mimi huwaambia jinsi ilivyokuwa. Pikipiki ilikuwa na nafasi mbili nyuma ya dereva, na aliyeshuka alikuwa kipofu, naye alikuwa anaogopa kuliko mimi.